Ukuta wa Upande wa Mvua

"Nani katia simenti? Nauliza kwa mara ya mwisho! Nani katia simenti kwenye tope la mama?"

"Punguza sauti. Hapa si uwanja wa mpira."

"Sipunguzi!"

"Basi piga kelele mpaka mkaguzi akusikie huko aliko, si ndiyo unachotaka?"

Mwiko akakibamiza mezani kile kipande alichokuja nacho. Kikombe kikaruka, kijiko kikaenda chini, vumbi likatua juu ya daftari la dada yake. Kilikuwa kipande cha plasta, upana wa kiganja, alichokibandua kwa patasi dakika ishirini zilizopita kwenye ukuta wa majaribio. Cha kijivu. Kigumu kama kichwa cha mtu asiyeambilika. Na pembeni kimetoa unga mweupe kama chumvi.

Mtu mwingine angekiona angesema plasta ni plasta tu. Lakini Mwiko kapiga plasta miaka kumi na miwili, na jina lenyewe kalipata kwa sababu mwiko hautoki mfuko wa nyuma hata akienda harusini. Plasta ya mama yake anaijua kama anavyoijua sauti yake. Ni nyekundu. Ukiikwaruza kwa kucha inatoa mstari. Ukiilowesha inanuka uji uliochacha, kwa mbali, hata baada ya mwaka. Hiki kipande alikilowesha kwa mate pale pale kwenye ukuta, akakinusa, kikanuka jivu.

"Na kuubamiza mlango huo," mama akasema kutoka kwenye kigoda chake, bila kuinua macho. "Kila siku nawaambia. Mtakuja kuniangushia ukuta."

Alikuwa amekaa kwenye upenyo wa jikoni, sinia la maharage mapajani, anachambua. Nyuma yake jiko linawaka, sufuria ya maziwa iko juu. Mtaani wanamwita Mama Pua, na si kwa kumtania. Yule mama alikuwa ananusa mvua kabla mawingu hayajajua yenyewe kama yatakuja. Ulikuwa ukivuta sigara kule barabarani ukaja kwake umetafuna pipi tatu, anakuuliza, sigara ilikuwa moja au mbili? Ndiyo pua hiyo iliyofanya mradi mzima uanze: tope la plasta linachachushwa na samadi shimoni kwa wiki kadhaa, na yeye ndiye anayenusa limeiva lini.

Mradi wenyewe ni huu. Kule juu mlimani kuna nyumba arobaini na mbili, zimejengwa kwa matofali ya udongo na watu wenyewe, kila familia na matofali yake, paa zimekaa, milango imekaa. Kilichobaki ni plasta ya nje. Kuta ziko uchi, na mvua zimebakiza mwezi mmoja. Mkaguzi wa majengo alisema hatoi kibali kwa plasta ya udongo, anataka simenti. Simenti ambayo pesa ya kamati ingenunua ingetosha nyumba tisa au kumi, hizo nyingine wabaki kwenye vyumba vyao vya mabati, vyumba ambavyo saa sita mchana unaweza kuoka mkate bila jiko. Kamati wakamganda wiki tatu. Mwisho akasema sawa, pigeni ukuta mmoja wa majaribio, nitaupiga maji ya pampu saa nzima. Ukisimama, nyote pakeni matope yenu. Ukichubuka, sitaki kusikia tena hadithi za bibi zenu.

Siku ya maji ndiyo leo. Saa nane. Na sasa hivi saa ya ukutani inasema sita na nusu.

"Huko chuoni kwenu mnatia simenti kwenye kila kitu," Mwiko akasema. "Nashangaa chai bado mnaiacha."

Dada yake akavua miwani. Akivua miwani ujue kazi ipo. Yeye ndiye mkubwa, ana miaka kumi na moja kwenye maabara ya udongo ya chuo, na mtaa mzima unamwita Profesa ingawa mwenyewe anasema uprofesa bado uko mbali kama mwezi.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyekaa miaka miwili nawaeleza watu wenye tai kwamba shimo linalonuka choo lina akili? Mimi nitie simenti?"

"Nani mwingine alikuwa pale?"

"Wewe!"

"Mimi sikuwepo! Nilikuwa kwenye ghorofa la watu siku sita, na wewe ndiye uliyesema nenda tu, tutapiga wenyewe na akina mama wa kamati!"

"Ulikuwepo siku ya kuondoka. Na wewe ndiye uliyekuwa unalalamika, oo, hili tope halijaiva, oo, naogopa. Nani alikuwa anaogopa? Mimi au wewe?"

"Kuogopa si kutia simenti!"

"Soma." Akalipangusa vumbi daftari, akalisukuma mbele yake, kidole juu ya ukurasa. "Shimo la nne. Siku ya ishirini na nne, tano. Unaiona hiyo tano? Ndiyo kipimo cha uchachu wa kawaida, namba ikipanda ujue uchachu umekufa, kila tope la mama lililowahi kuwa zuri liko hapo hapo, tano, tano na kidogo. Sasa nenda mstari wa chini. Siku ya ishirini na tano."

Mwiko akainama. Kumi na mbili.

"Kwa siku moja," Profesa akasema. "Kutoka tano mpaka kumi na mbili. Tope haliruki hivyo lenyewe. Na nilipofunua turubai yale maji ya juu yalinikata macho, yananuka mkojo wa zizi. Simenti inaua vile vijidudu vyote vinavyochachusha, na samadi iliyomo inatoa hewa hiyo inayochoma. Kwanza nikasema karatasi zangu za kupimia zimeharibika. Nikafungua boksi jipya. Kumi na mbili."

"Kwa hiyo ulijua."

Profesa akaikunja na kuikunjua miwani yake.

"Dada. Ulijua wiki tatu zote hizi?"

"Nilijua kuna simenti. Nikajua ni wewe."

"Na ukanyamaza."

"Ningefanyaje? Nikuchome kwa kamati? Mdogo wangu mwenyewe?" Sauti ikampanda. "Halafu, tuseme ukweli, ukuta wenye simenti utapita! Utasimama kama askari! Nikajisemea, basi, wacha upite, kibali kipatikane, haya mashimo mengine tutayafanya vizuri."

Mwiko akacheka, lakini hicho si kicheko cha kumkaribisha mtu chai. Akazunguka meza, akarudi, hicho chumba kina hatua nne tu, akazimaliza mara tatu.

"Yaani wewe msomi. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwa nini simenti haikai juu ya udongo. Si ulichora hapa hapa kwa mkaa? Udongo unavuta maji na unayatoa, unapumua. Ukiuvika simenti ni kama kumvika mtu koti la plastiki juani. Maji yanaingia kwenye ufa, hayatoki, ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Kama jino! Si wewe uliyesema kama jino?"

"Nilisema."

"Nimeugonga ule ukuta leo. Kwa kifundo. Chini kule upande wa kushoto unalia ko, ko. Umeshaachana na tofali. Wiki tatu tu, na mvua haijanyesha!"

"Mnanivurugia maharage," mama akasema. "Nachambua mawe nayarudisha. Kaeni chini."

Hawakukaa.

Simu ya Mwiko ikalia mfukoni. Mwenyekiti wa kamati. Akaiweka mezani kwenye spika.

"Fundi, uko wapi?"

"Nyumbani, mwenyekiti. Nakuja."

"Njoo upesi, bwana. Jamaa kawahi. Kasema ana shughuli nyingine jioni, gari la maji limeshafika, pampu wanaifunga. Saa saba na nusu anaanza. Na watu wameshajaa, wamekuja na viti vyao kama kwenye sinema. Mama Pua yuko hapo?"

"Yupo."

"Mwambie mkaguzi kauliza habari zake. Anataka kumuona huyo mama anayepika matope kwa pua. Alivyosema hivyo nikamwambia bosi, subiri, utatuomba msamaha mwenyewe." Akacheka sana, huku nyuma watoto wanapiga kelele. "Njooni wote."

Ikakatika.

Chumba kikawa kidogo. Profesa akavaa miwani yake, akaivua tena. Mwiko akawa anakiangalia kile kipande cha kijivu, akili inazunguka kama mashine ya zege. Kama si yeye, na dada anaapa si yeye, basi nani? Simenti mlimani haiko ovyo ovyo. Ulibaki mfuko mmoja wa kazi ya misingi, uko stoo, na stoo ina kufuli.

"Ufunguo wa stoo ulikuwa na nani?" Profesa akauliza. Naye alikuwa kafika hapo hapo.

"Wakati naondoka?"

"Wakati unaondoka."

Mwiko akafungua mdomo kujibu, na ndipo harufu ikamfika. Maziwa. Yanaungua. Siyo yanaanza kuungua, yameshaungua, ile harufu nzito inayokaa kwenye pazia siku mbili.

"Maziwa!" Profesa akasema.

Mwiko akakizunguka kigoda cha mama, akashika sufuria kwa shati, akaitupa kwenye karai, moshi ukajaa. Akazima jiko. Maziwa yalikuwa yamefurika, yamemwagikia jiko, yamekauka, yamekuwa meusi. Si jambo la dakika moja hilo. Akageuka, vidole vinamuwaka, mdomo uko wazi kumwambia mama si uko hapa hapa, mgongo wako unagusa jiko.

Ndipo akamwona.

Mama alikuwa ameshika harage moja, anamtazama, uso wake ni wa mtu aliyeshtuliwa na kelele. Kelele tu. Moshi ulipompita usoni ndipo akageuka kuangalia jiko.

"Ooh," akasema. "Yameungua."

Mwiko akabaki kasimama na shati lake lililoungua pindo. Vitu vikaanza kuja kimoja kimoja, bila kuitwa. Kuna mwezi mama alimuuliza kama hii chupa ni ya mafuta ya taa au ya maji, akadhani macho ndiyo yanazeeka. Kuna wiki chumvi ilizidi siku tatu mfululizo. Na sigara. Ana miezi mingapi hajamkamata mtu na sigara?

Akarudi taratibu, akachuchumaa mbele yake.

"Mama. Hiki chumba kinanuka nini?"

"Kinanuka kelele zenu."

"Mama."

"Kinanuka maziwa, kitanuka nini? Si umeyaona?"

"Nimeyaona. Wewe umeyanusa?"

Akarudi kwenye maharage yake. Akachagua moja, akalitupa, nalo lilikuwa zima kabisa. Akachagua lingine. Profesa alikuwa amesimama kwenye kona ya meza, mkono mdomoni.

"Ufunguo nilikuachia wewe," Mwiko akasema, polepole. Sauti yake hiyo hata yeye hakuijua. "Niliufunga kwenye kona ya kanga yako mwenyewe, ukasema nimeufunga kama mtoto."

Mama akaweka sinia chini.

"Tangu ile homa," akasema. "Ya mwaka jana. Niliamka siku ya tano nikaomba chai, mkaniletea, nikadhani mmeniletea maji ya moto. Nikasema itarudi. Watu wanasema inarudi. Mwezi ukapita, miwili. Naenda chooni nanusa, hakuna kitu. Nafukia uso kwenye maua ya jirani kama nyuki, hakuna. Mpaka leo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe?" Akainua kichwa, na macho yake yalikuwa makavu, yana hasira. "Wewe uliyewaambia watu wa nyumba arobaini na mbili kwamba mama yangu ananusa tope likishaiva? Au huyu, aliyeandika kwenye makaratasi ya chuo, mama anasema tayari, na kweli tayari? Mama Pua bila pua ni mama nani? Niambieni."

Profesa akanyoosha mkono kumshika bega, mama akaukwepa.

"Shimo la kwanza, la pili, la tatu, nilinusa," akasema. "Hayo ni ya kabla ya homa. Yananuka choo, yananuka choo, halafu siku moja unafunua yananuka uji. Mama yangu alinifundisha nikiwa na meno ya utotoni. Hilo la nne nikainama juu yake kama mtu anayechungulia kisima kikavu. Akina mama wamesimama na ndoo zao. Mama Pua, vipi? Nikasema bado kesho. Kesho yake, bado kesho. Nikiwaambia tayari kumbe halijaiva, plasta inaanguka yote mbele ya mkaguzi. Nikichelewa, mvua hizi hapa. Na vidole vyangu, eh, vidole viliniambia liko tayari, utelezi ulikuwa unavutika kati ya vidole kama uzi, uzi mrefu mzuri. Sikuviamini." Akavitazama vidole vyenyewe. "Huyu dada yako alisema siku moja hapa, kwingine wanatia simenti kidogo, kwa usalama. Nikasikia hilo neno, usalama. Nikaenda alfajiri na ndoo mbili ndogo."

"Mama," Profesa akasema. "Lilikuwa tayari."

"Nini?"

"Lilikuwa tayari! Tano! Siku ya ishirini na nne lilikuwa tano, sawa na lile la kwanza, la pili, la tatu. Vidole vyako vilikuwa sahihi. Ungeniuliza tu..."

"Na wewe ungeniambia tu!" Mama akafoka, na hizo ndizo zilikuwa kelele kubwa kuliko zote za siku hiyo. "Uko na daftari lako, mimi niko na pua yangu iliyokufa, tumesimama shimo moja, kila mtu anaficha lake!"

Profesa akakaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba.

Saa ikasema saba kasoro tano.

"Sikilizeni," Profesa akasema, anaongea na meza. "Ukuta utapita leo. Hilo ko ko liko ndani, maji ya saa moja hayatalifikia. Atapiga muhuri. Mashimo mengine yote tunayafanya kwa namba na vidole, bila punje ya simenti. Hakuna atakayejua. Na mama..."

"Na kibali kitaandikwa nini?" Mwiko akauliza.

"Plasta ya udongo."

"Kama ya ukuta wa majaribio. Ndivyo kitakavyoandikwa, nilikisoma. Mwakani anarudi kuangalia, atauona ule ukuta umevimba umefungua mdomo, atasema si niliwaambia? Nyumba zote arobaini na mbili zibomolewe plasta. Au akina mama watakwangua kipande wakajifunze, wakute simenti, waseme kumbe siri ndiyo hii, kila mtu atie ndoo mbili. Utawafuata nyumba kwa nyumba?"

"Basi wewe unataka nini? Uende ukamwambie mbele ya watu wote, mama yangu hanusi, alitia simenti? Watu wamekaa na viti!"

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje?"

Mwiko akasimama akaegemea ukuta kwa mkono, ile tabia yake ya kazini, akifikiri lazima kiganja kiguse kitu. Kiganja kikaingia kwenye mawimbi madogo, manne, yamepinda yote upande mmoja. Vidole vya mama. Huu ukuta aliupiga mama mwenyewe miaka mitano iliyopita, ndani na nje, kwa mikono, kabla mradi haujawa hata wazo, kabla dada hajaleta karatasi zake. Huu ndio ukuta ambao Profesa alikuja kuukwangua kidogo akaupeleka maabara, akarudi na macho yamemtoka. Ukuta wa upande wa mvua. Mvua zote za miaka mitano zimeupiga huu kwanza kabla ya kupiga kingine chochote mtaani.

Akautoa mkono.

"Mkaguzi atapiga maji huu," akasema.

"Upi?"

"Huu hapa. Wa nje. Hauna simenti, umepigwa na mama, pua ikiwa nzima. Mgumu kuliko ule? Sijui. Lakini ni wa kweli."

"Umechanganyikiwa," Profesa akasema. "Ile si mvua! Ile ni pampu! Maji yanatoka pale kama yametumwa na adui. Ukuta wa majaribio una tofali jipya. Huu una matofali ya miaka ishirini, ya baba, chini kuna panya. Ukichubuka ukilowa ndani, unakuja chini wote, na paa. Kitanda cha mama kiko hapa!" Akakigonga, hatua moja kutoka pale alipokaa. "Atalala wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna kitanda kimoja na wewe unalala kama pweza!"

"Nitalala chini, basi!"

"Na nyumba ya baba?"

Wakageuka wote wawili kumtazama mama. Nyumba ni yake. Ukuta ni wake. Jina ni lake.

Mama alikuwa amesimama. Hakuna aliyemuona akisimama. Akauendea ukuta, akauweka uso wake pale, karibu kabisa, pua inagusa udongo. Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu, macho yamefumbwa. Mwiko akajikuta naye amebana pumzi, anangoja, kama kuna kitu kitatokea.

"Hakuna kitu," mama akasema. Akaupapasa kwa kiganja, juu, chini. "Lakini najua nilichotia humu."

"Mama, hulazimiki," Profesa akasema.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Huyo mkaguzi, kwanza mwambieni ndani anaishi mtu, asije akapiga mpaka madirishani. Halafu." Akageuka kwa Mwiko. "Kama unakwenda kusema, sema yote. Usiende kunifichia. Sema pua haipo. Sema na ndoo mbili. Wakicheka, wacheke. Lakini na namba za dada yako uzitaje, na vidole vyangu, kwamba vilipatana. Hilo usilisahau."

"Wanaweza kukataa hata kuja huku," Mwiko akasema. "Anaweza kusema mmenidanganya, nafunga faili."

"Anaweza."

"Na watu wa nyumba arobaini na mbili watanitazama mimi."

"Watakutazama."

Simu ikaanza kulia tena. Mwenyekiti. Hakuna aliyeigusa. Ikalia mpaka ikachoka, meza ikatulia.

Profesa akalifunga daftari. Akalishika kidogo kifuani kama mtu anayetaka kubadili mawazo, kisha akampa mdogo wake, kidole bado kiko kwenye ule ukurasa wa tano na kumi na mbili.

"Usiniruke," akasema. "Sema na mimi nilijua nikanyamaza."

"Nitasema."

"Mimi naondoa vitu vya mama huku ukutani. Kitanda, sanduku, kila kitu." Sauti yake ilikuwa bado na ugomvi ndani, lakini mikono ilishaanza kukunja shuka. "Ukiwaleta, wapitie nyuma. Wasikanyage bomba la maji."

Mwiko akaokota kile kipande cha kijivu, akakitia mfukoni. Daftari akalibana kwapani. Mwiko wake ukamchoma mgongoni, akausogeza. Kule mlimani, mbali, pampu ilikuwa imeshaanza kuwashwa kwa majaribio, inakohoa, inazima, inakohoa tena. Akatazama saa. Akitembea haraka, dakika kumi na tano. Akikimbia, nane.

Akafika mlangoni. Mama alikuwa bado kaegemea ukuta, kiganja kimelala kwenye yale mawimbi manne.

"Mlango," mama akasema.

"Najua."

Akatoka. Akageuka, akashika kitasa kwa mikono miwili, akauvuta ule mlango polepole mpaka komeo likaingia lenyewe, na ukuta haukudondosha hata punje.